Kulia Inalia

Mume wangu wanamwita Sikio. Jina hilo hakulipata kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa na hayo Mungu hakumfanyia ubahili. Alilipata asubuhi moja tulipokuwa bado wageni kwenye ndoa, tumekaa mlangoni tunakunywa chai, likapita lori la jirani yetu muuza mbao. Akaweka kikombe chini, akasema puli ya mkanda wa lori lile haimalizi wiki. Jirani alipofikishiwa habari alicheka, akauliza huyu ni fundi gani anayetibu magari yanayopita njia. Ijumaa lori likamfia barabarani na mzigo juu, puli imegoma kuzunguka, mkanda umechanika vipande. Tangu hapo mtaa mzima ukasahau jina alilopewa na mama yake, na mimi mwenyewe hulitumia nikiwa nimekasirika tu.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kinapakana ukuta kwa ukuta na gereji anayofanyia kazi Sikio, na kwenye ukuta huo pana kidirisha kisicho na kioo ambacho mwenye gereji wa zamani alikitoboa sijui kwa sababu gani. Sisi tumekifanya cha kupitishia chai. Kupitia hapo nimemtazama akifanya kazi miaka ishirini na saba, kwa hiyo asije mtu kunisimulia habari za mume wangu.

Fundi aliyemlea kazini alikuwa na amri moja: sikiliza kwanza, shika baadaye. Mwanafunzi akigusa nati kabla ya kusikiliza injini alipigwa vidole kwa mpini wa nyundo. Sikio akaishika amri ile kama sala. Gari likiletwa linalia mbele, huomba liwashwe, huchukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye chuma karibu na puli, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Huhama puli moja baada ya nyingine, ya feni, ya pampu ya maji, ya altaneta, ya usukani, bila haraka. Kisha hufumbua macho na kutaja ugonjwa. Wateja walikuwa wakiita wenzao waje kuangalia. Sitasema uongo, sifa zile zilimlevya kidogo, na mimi zikanilevya kwa kuwa mke wake.

Sasa nieleze jinsi nilivyogundua.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga, ina mkanda wa ngozi unaotoka gurudumu la chini kwenda la juu. Mwaka jana Jumatatu moja ikaanza kulia, mlio mwembamba wa kukera, kila nikikanyaga. Sikio alikuwa chumbani kwangu kwa chai, amekaa kwenye kigoda chake, mimi na cherehani yangu kushoto kwake, mahali petu pa siku zote. Huyu ni mtu ambaye aliwahi kutoka kitandani kwenda kutia mafuta bawaba ya mlango wa jirani. Nikakanyaga, akaendelea kunywa chai. Nikakanyaga kwa nguvu, akaomba sukari. Siku tatu nilishona na mlio ule, nikiacha makusudi kutia mafuta, nikimsubiri aseme neno. Siku ya nne nikatia mwenyewe, nikaenda chumba cha ndani nikalia.

Nilipomwambia, akasema mimi ndiye niliyeanza kuzeeka, nasikia milio isiyokuwepo. Watu wa siku hizi, akasema, wanaongea kama wametafuna pamba. Nikamsihi twende zahanati wakampime. Akanijibu kwamba fundi anayejulikana kwa masikio akionekana kwenye foleni ya masikio, kesho yake hana kazi. Hapo alikuwa na haki nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo. Nikaamua kufunika kombe mwanaharamu apite, na sasa najua nilikosea.

Basi akawa anaishi kwa ujanja. Sauti nzito, za injini kugonga au za wanaume kubishana, alizipata vizuri. Nyembamba ndizo zilizomkimbia, nazo ni za mikanda, za ndege na za wanawake wanaoongea kwa upole. Mteja akisema naye, alimtazama midomo. Asichokipata alikikubali kwa kichwa. Bisibisi aliendelea kuiweka sikioni na macho akaendelea kuyafumba, ila mimi kwenye kidirisha changu niliona kwamba siku hizi anafumba muda mrefu zaidi, na akifumbua huwauliza wenzake, kama anawapima, "Na ninyi mnaonaje?" Wakamdhania mwalimu anayetahini wanafunzi.

Gereji sasa ni ya mtu aliyekuwa mwanafunzi wake. Kijana mzuri, ingawa ujana ulishamtoka, ana tumbo na watoto wanne. Mpaka leo humwita Sikio Mwalimu na mimi huniita mama. Pamoja nao yuko fundi mwingine tunayemwita Kompyuta, kwa sababu ya kile kidude chake anachokichomeka kwenye gari kikamwonyesha makosa kwenye kioo. Kompyuta ni mfanyakazi hodari, kasoro yake ni kuamini kwamba kisichoonekana kwenye kioo hakipo.

Gari la zahanati lilikuja mara ya kwanza siku ambayo Sikio hakuwepo. Ilisemekana linalia mbele. Kompyuta akachomeka kidude chake, kikasema gari halina kosa, naye akabadilisha mkanda ili mteja asiondoke mikono mitupu. Baada ya siku tisa likarudi. Aliyelileta ni nesi anayeliendesha mwenyewe, mwanamke mwembamba, sauti ya chini, mwendo wa haraka. Alieleza tatizo akiwa amesimama katikati ya uwanja wa gereji, kompresa ya upepo ikinguruma nyuma yake. Sikio akamsikiliza akiitikia kwa kichwa. Mwenye gereji, kalamu mkononi, akaandika kwenye daftari la kazi, kisha nesi akaacha ufunguo akaenda zake kwa miguu.

Injini ikawashwa, ikanguruma vizuri, haina neno. Sikio hakusikia kitu, na safari hii wengine nao hawakusikia kitu, kwa hiyo siri yake ikaendelea kulala. Akabadilisha puli ya kukaza mkanda kwa tahadhari tu, jambo ambalo zamani angelikebehi kwa mdomo mpana. Gari likaondoka. Baada ya siku kumi likarudi tena likiwa kimya, na nesi akisema lilikuwa linapiga kelele nusu saa iliyopita.

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililowatia hofu. Alimweleza mwenye gereji kwamba Jumatatu anapeleka chanjo kwenye vijiji vya milimani, siku mbili za kona na miteremko. Mkanda ule ule unaolia ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukiteleza ukatoka, injini itachemka, atakwama juani na masanduku ya dawa ambayo hayawezi kungoja, na kina mama wamekaa na watoto wao wanamsubiri. Akasema atakuja Jumamosi saa sita mchana. Gari likiwa bado na shida, zahanati itayahamisha magari yake yote kwenye gereji nyingine.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nesi alipoondoka, mwenye gereji akasimama karibu na kidirisha changu, labda kwa kusahau kwamba kuta zetu zina uwazi. Akasema kwa sauti kubwa, kama watu wote walivyokuwa wameanza kusema na mume wangu bila kujua wanafanya hivyo.

"Mwalimu, Jumamosi saa sita. Ikishindikana, Jumatatu utahamia stoo ya spea. Injini atashika Kompyuta."

Sikio akasema sawa. Akageuka kurudi kwenye gari, na nyuma yake Kompyuta akasema taratibu, "Sikio la kufa halisikii dawa." Watu wawili wakacheka. Sikio alipoona wanacheka, akageuka na kucheka nao, kwa sababu hakusikia. Mimi nilisikia. Nilikuwa na mkasi mkononi, na namshukuru Mungu kwamba kidirisha ni kidogo.

Jioni ile hakula vizuri. Nilimwambia stoo si jela, atakaa kwenye kiti, atagawa plagi na vichujio, mgongo wake utapumzika. Akaweka kijiko chini akanitazama.

"Stoo siendi," akasema. "Mkanda haulii bure. Nitaujua unalia nini."

Nikaona amepiga moyo konde, na mtu akifika hapo mimi humwachia njia.

Ijumaa saa moja asubuhi alikuwa ameshavua mkanda. Nikasikia akigonga kwenye kidirisha. Alitaka rula yangu ndefu ya mbao, chaki yangu, na kipande cha kitambaa cheupe. Rula yangu simpi mtu, nayo nimemnyima hata mama mkwe. Siku hiyo niliitoa. Aliilaza juu ya nyuso za puli, mbili mbili, kuona kama kuna iliyojitokeza nje ya mstari, maana puli ikipinda kidogo tu mkanda hupita umejikunja na kupiga kelele. Zote zilikuwa sawa. Akazizungusha moja moja kwa kidole, mkanda ukiwa haupo, macho amefumba. Bisibisi hakuishika kabisa. Nikaona anasikiliza kwa ncha za vidole: beringi mbovu hukwaruza, na mkwaruzo unapanda mkononi. Hakuna iliyokwaruza. Akarudisha mkanda, akaukaza, akawasha, akaunyunyizia maji huku akimtaka Kompyuta amwambie kama kuna mabadiliko. Mkanda uliolegea ukimwagiwa maji huzidi kulia; uliopinda hunyamaza kidogo kisha hurudia. Kompyuta akasema kimya kabla, kimya baada. Akakipitia kidude chake akasema nacho hakina habari.

Mtu mwingine angekata tamaa hapo. Sikio akavua mkanda tena, akaunusa. Wacha wacheke, akaunusa urefu wake wote, inchi kwa inchi. Halafu akaufuta kwa kitambaa changu cheupe, akanijia nacho kwenye kidirisha, akanionyesha. Palikuwa na alama hafifu, nyekundu, ndogo kuliko ukucha.

"Mafuta ya usukani," akasema. "Kuna mahali yanadondoka."

Basi ikawa kutafuta mahali. Mafuta ya usukani hukaa kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa juu ya injini, kulia kwa mkanda, na kutoka hapo yanapita kwenye mipira kwenda kuulainisha usukani. Aliifuta chupa, ikabaki kavu. Akaifuta mipira, ikabaki mikavu. Aliiacha injini ikinguruma saa mbili nzima, amekaa mbele yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, tochi mkononi, kitambaa kingine mkononi. Hakuna tone. Mafuta yalikuwa yamefika kwenye mkanda, na yalikopitia hapakuonekana. Saa tisa akaizima, akaja chumbani kwangu kunywa chai, uso mweusi kwa masizi na hasira.

Alikuwa amekuja na daftari la kazi. Akalifungua gotini, akaanza kusoma tena maneno yaliyoandikwa siku nesi alipoleta gari, kwa sauti, kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Gari la zahanati. Kulia inalia lakini si siku zote."

Mimi nilikuwa nakata mikono ya gauni. Mikono ya nguo ni maadui wa fundi cherehani. Ukichanganya wa kulia na wa kushoto unapata gauni la mtu anayetembea kinyumenyume. Kwa hiyo kila kipande nakiandika kwa chaki, kulia, kushoto, na siku ile nilikuwa nimeshaandika kulia mara sita. Nikauliza bila kufikiri, bado nimeinamia kitambaa:

"Kulia kwa injini au kulia kwa dereva?"

Nilipoinua uso nikamkuta amelishika daftari kana kwamba limemuuma.

Msomaji wangu, nawe ulisoma kama wao. Wote pale gerejini walikuwa wameyasoma maneno yale kama mtu anavyosema kula anakula lakini hanenepi: kulia inalia, ndiyo, inalia, ila si siku zote. Mwenye gereji aliyeandika mwenyewe alishasahau alimaanisha nini. Hakuna aliyefikiria kwamba kulia ile ya mwanzo ni upande.

Nikamuuliza Sikio nesi alisemaje hasa siku ile, kwa mdomo wake, maana yeye alikuwa amesimama mbele yake. Akazungusha kikombe. Akasema kompresa ilikuwa inapiga kelele. Nikamwambia sikuuliza habari za kompresa.

"Sikumsikia," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza. Miezi mingapi nilikuwa nimelingoja neno hilo, nikijiandalia la kumjibu. Niliona aibu kwa niaba yake na nikamwonea huruma, na pia nikataka kumpiga na rula. Nikamwambia kesho nesi anakuja, amuulize upya. Akasema mbele ya watu wote? Nikamwambia ndiyo, mbele ya watu wote, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye amebakiwa na saa ishirini na moja kabla ya kuumbuliwa. Sikusema kwa upole. Upole ndio uliotufikisha pale.

Jumamosi sikufungua cherehani. Saa nne nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa gereji, mikono kifuani, kama mdai. Nesi aliwahi, akaja saa tano kasoro robo. Mwenye gereji akaanza kumwomba radhi, Kompyuta akawa anafunga waya za kidude chake taratibu, kama mtu anayepisha msiba upite. Sikio akatoka chini ya boneti. Akafuta mikono, akaenda mwenyewe mpaka kwenye kompresa, akaizima. Uwanja ukawa kimya. Akasimama mbele ya nesi.

"Binti yangu, siku ile uliponieleza sikukusikia," akasema. "Nilitikisa kichwa tu. Sauti nyembamba hazinifikii tena, ni mwaka na zaidi. Naomba unitazame usoni, unieleze upya."

Kompyuta akaacha waya zake. Nesi hakushangaa hata chembe; nadhani watu wa kazi yake wamezoea kuona mtu akivua shati. Akasogea karibu, akasema polepole:

"Nikikata kulia ndipo inalia. Kona ndefu, ile ya kuzunguka. Nikikata kushoto hainisumbui. Nikifika huku imeshanyamaza."

Sikio akamwomba arudie, akarudia. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wote, akasema, "Panda gari. Leo wewe ndiye Sikio."

Nyuma ya gereji pana uwanja wa mpira usio na nyasi. Nesi akaendesha, Sikio akakaa pembeni yake, mimi kiti cha nyuma. Tulikubaliana kwamba nikisikia mlio nimguse bega. Tukazunguka kushoto, mara moja, mara tatu, vumbi likatufuata, kimya. Tukageuza, tukazunguka kulia. Mzunguko wa kwanza kimya. Moyo wangu ulikuwa unadunda hata nikaogopa utanifunika sauti. Mzunguko wa pili, nusu yake, ukaja: mlio mwembamba, mrefu, mkali, mlio wa cherehani yangu ukizidishwa mara mia. Nilimshika bega kwa mikono yote miwili. Yeye alikuwa ametazama mbele, uso mtulivu, hajasikia kitu.

"Simama. Zima hapo hapo," akasema.

Alikuwa ameshafungua boneti kabla vumbi halijatua. Safari hii hakutazama chini ya chupa, alitazama juu yake, ubavu wa kushoto unaoelekea mkanda, mahali pakavu siku zote gari likiwa limesimama. Pale palikuwa pamelowa. Akapangusa, akapapasa kwa ukucha, akaniita nitazame: ufa, mwembamba kama uzi wa kushonea, juu kabisa ya mstari wa mafuta. Akalegeza chupa, akaiinamisha kidogo kwa mkono. Tone moja jekundu likatoka kwenye ufa, likaning'inia, likadondoka juu ya mkanda.

Akamweleza nesi, na mwenye gereji aliyekuja mbio, na Kompyuta aliyemfuata. Gari likikata kulia, mafuta kwenye chupa hukimbilia kushoto, kama chai kwenye kikombe cha abiria. Kona fupi hayafiki kwenye ufa. Kona ndefu yanafika, yanadondokea mkanda, mkanda unateleza kwenye puli na kupiga kelele mpaka mafuta yarushwe. Ndiyo maana kila akifika gerejini limenyamaza, na ndiyo maana mkanda mpya ulipona siku chache tu, mpaka nao ulipoanza kudondokewa. Mkanda haukuwa mgonjwa hata siku moja. Ulikuwa unalilia kosa la jirani.

Kompyuta akatazama chupa, akatazama daftari alilokuja nalo kwapani. Akaliweka juu ya boneti, akachukua kalamu, na baada ya lile neno la kwanza akatia mkato: Kulia, inalia. Hakuomba radhi kwa mdomo, na Sikio hakuwa na habari kwamba anadaiwa kuombwa. Mimi nilikuwa nayo, nikapokea kwa niaba yake.

Walipata chupa nzima kwenye gari bovu lililolala nyuma ya gereji. Sikio akaifunga kwa mkono wake, akaosha puli zote kwa sabuni na brashi mpaka hakuna utelezi, akavisha mkanda mpya, akaukaza. Saa sita na robo nesi akazunguka uwanja wa mpira kulia mara kumi. Nilikaa nyuma, mikono imekaa mapajani, na hakuna bega lililoguswa.

Tuliporudi, mwenye gereji alitaka kusema jambo kuhusu stoo. Sikio akamtangulia.

"Mlio mwembamba sitausikia tena, mdogo wangu, usijidanganye. Gari likilia, nitahitaji mtu wa kunisikilizia. Lakini linalia nini, hilo bado nalijua mimi."

Mwenye gereji akainamisha kichwa. Akasema basi Kompyuta atakuwa anasikia, na Mwalimu atakuwa anajua, na kuanzia leo kompresa inazimwa mteja akiongea. Stoo haijatajwa tena.

Jumatatu gari la zahanati lilipita mbele ya mlango wetu asubuhi, masanduku meupe nyuma, likielekea milimani. Likarudi Jumanne jioni, na siku iliyofuata nesi akaja kwa miguu, si kwa habari ya gari. Alikuja kumchukua Sikio. Alimpeleka mwenyewe kwenye chumba cha kupimia masikio, akamkalisha kwenye foleni ile aliyoikimbia mwaka mzima, na nasikia watu wawili kwenye foleni walikuwa wateja wake. Wakamsalimia, wakasogea kumpa nafasi.

Majibu yalikuwa hivi: sikio la kushoto, la upande ilikokuwa ikimngurumia kompresa miaka yote, sauti nyembamba zimeondoka na hazirudi. La kulia limechoka lakini lina uhai.

Alirudi saa kumi. Nilikuwa nashona, chai yake ipo tayari kwenye kigoda. Hakukaa. Alisimama akakitazama chumba, jinsi tulivyokuwa tumekipanga miaka yote ile, yeye hapa, mimi na cherehani yangu kushoto kwake.

"Hamia kulia," akasema.

Nikamwambia meza ni nzito. Akaishika upande mmoja, nami upande mwingine, tukaivuta, pini zikamwagika sakafuni, gauni la mteja likaburutwa, nikalalamika kama ilivyo kawaida yangu. Tukaiweka kulia kwa kigoda chake. Akakaa, akachukua kikombe. Nami nikakaa, nikaingiza kitambaa chini ya sindano, nikakanyaga.

Kwa kuvutwa vutwa kule mkanda ulikuwa umehama kidogo kwenye gurudumu, ikaanza tena. Mlio ule ule mwembamba. Nikasita, kisha nikaendelea kukanyaga, taratibu, macho kwenye mshono, sikuthubutu kumtazama.

Kikombe kikagusa kigoda.

"Inalia," akasema.

Nikainamisha kichwa nikalia. Kwa kuwa aliona mabega yangu yakitikisika, alidhani nacheka, akaniambia nisicheke, nikanyage tena polepole asikie vizuri. Nikakanyaga, naye akainama na sikio lake la kulia karibu na gurudumu, mkono mmoja ukipapasa chini ya meza kutafuta kopo la mafuta.